Ma Prudensia Hapigi Simu

Ma Prudensia hapigi simu. Anafika. Kama una jambo naye, utasikia mlango wa gari ukifungwa nje ya nyumba yako, na kabla hujapata khanga ya kujitupia begani ameshaingia jikoni na kufunua sufuria. Hivyo ndivyo alivyoishika familia yake hapa Texas kwa zaidi ya miaka ishirini. Mdogo wake Clara yuko Plano. Mdogo wake mwingine, Edson, yuko Missouri City, upande wa pili wa Houston. Deo, mwanawe wa pekee, yuko Fort Worth. Yeye mwenyewe ana nyumba Carrollton, na majirani zake Wakorea wanaitambua nyumba hiyo kwa sababu gari halipo.

Nilimjua kupitia mumewe, marehemu Kalisti, niliyesoma naye Prague wakati ambapo wanafunzi wa Tanzania walipelekwa huko na masweta mepesi kuliko baridi. Kalisti alikwenda Dallas, mimi nikaendelea kwenda kokote. Kila nikipita Amerika nalala Carrollton, na kila nikilala Carrollton nakuta mwenye nyumba yuko njiani. Sijui mtu mwingine anayenifanya nijione mkaa nyumbani.

Safari hii nilimkuta amekaa. Jambo hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Alikuwa barazani, mkoba begani, ufunguo wa gari mkononi, akilitazama gari kama mtu anayemtazama mbwa aliyemng'ata. Sanduku la barua la jirani lilikuwa limelala kwenye majani.

"Utaendesha wewe," alisema. "Tunakwenda kwa Edson."

"Lini?"

"Mwandishi, umeniona nimevaa viatu. Unauliza lini?"

Tukaondoka. Ilikuwa mwisho wa Machi, na ukishaipita Dallas kuelekea kusini barabara ya arobaini na tano huwa imezungukwa pande zote mbili na yale maua ya buluu ambayo watu wa huku husimamisha magari kupigia picha watoto. Nikamwonyesha. Alitazama kioo cha mbele na kusema ni mazuri. Nikajua hayaoni. Maua yalikuwa pembeni.

Ni pale tulipokaribia Corsicana ndipo aliposema, bila kugeuka. Daktari amemwambia ana presha ya macho, ile inayokula uoni kutoka pembeni ikielekea katikati. Matone anatia, lakini kilichokwisha kuliwa hakirudi. "Naona mbele tu," alisema. "Kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Uso wako nikiutafuta naupata. Sikio lako silioni." Ameambiwa asiendeshe tena. Alikubali pale kwa daktari, akarudi nyumbani akiendesha, na ndipo sanduku la jirani lilipolala.

"Edson asijue," alisema. "Clara asijue. Deo ndiye asijue kabisa, atanipeleka kwenye zile nyumba za wazee wanakoimbishwa kama chekechea. Siku wakijua kwamba siwezi kufika, mwandishi, nimekwisha. Na wao pia wamekwisha, ila watachelewa kujua."

Hakuwa anatia chumvi. Niliwahi kuona jinsi mambo yale yanavyoendeshwa.

Baba yake, kule Kamachumu kwa Wahaya, alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, kanzu moja ya Jumapili, na uhakika usiotikisika kwamba wao ni Bahinda, ukoo wa kifalme. Wanakijiji walimwita Mhinda asiye na ng'ombe. Lakini jioni aliwasimulia wanawe jinsi Bakama, wafalme wa zamani, walivyotawala: mfalme hakai kilima kimoja akaoza. Anahama na watu wake, anakula cha kilima hiki, anasikiliza kesi zao, anakwenda kingine. Wana wa mfalme wanagawiwa maeneo ya kuangalia. Na mtu wa mbali akimsahau mfalme, dawa yake ni kumwona mfalme ugani kwake akiwa na njaa.

Mimi habari hizo nilizikuta tena Ulaya, zikiwa zimevaa manyoya na chuma. Zama za kati, koo za mabwana wakubwa wa kule zilikuwa na ardhi zilizotawanyika kama mbegu zilizomwagika: wilaya moja huku, ngome nyingine mwendo wa wiki mbili, mji mmoja uliopatikana kwa posa, bonde lililopatikana kwa kifo cha binamu. Wafalme wa Ujerumani hawakuwa na mji mkuu. Waliishi juu ya farasi. Bwana asipoonekana, msimamizi aliyewekwa kulinda ngome huanza kuiita yake, na mjukuu wake huapa kwamba haikuwahi kuwa ya mtu mwingine. Ndiyo maana walizunguka. Wasipoweza kuzunguka walimwacha mke akiwa na mamlaka yote, au walitumiana watoto: mwana wa huyu analelewa kwenye meza ya yule, mpaka hawezi kupigana na nyumba aliyokulia.

Ma Prudensia hakusoma hayo popote. Alifika Dallas miaka ya tisini, akafanya kazi ya kukunja mashuka hotelini, akasoma jioni, akaingia ofisi moja kubwa ya bima kule Plano. Kazi yake ilikuwa kukagua hasara. Mvua ya mawe ikishapiga, na Dallas mawe hayo hushuka makubwa kama ndimu, yeye ndiye aliyepanda ngazi kutazama paa la mtu. Huko ndiko alikopata sheria yake ya maisha. "Hasara ya kwenye simu," husema, "ama ni kubwa kuliko ilivyo, ama ni ndogo kuliko ilivyo. Nenda ukaione." Clara alipogombana na mumewe, alikwenda akaiona. Edson alipofukuzwa kazi ya kwanza, alikwenda akaiona, akalala kwake siku kadhaa, akaondoka Edson akiwa amenyolewa ndevu na ana mahojiano mawili.

Na hafiki mikono mitupu. Kila Desemba mtu fulani hutoka Bukoba na senene, panzi wa kule, waliokaangwa, na senene hao hupita mikononi mwake tu. Yeye ndiye anayejaza chupa. Chupa ya Clara, chupa ya Edson, chupa ya Deo. Ujazo wa chupa huonyesha mwaka wako ulivyokuwa. Mwaka ambao Clara hakwenda kumzika mjomba, alipata senene wasiofika nusu.

Watoto nao aliwazungusha. Deo alipoanza ubishi wa ujana alipelekwa Houston kwa Edson. Queen, binti wa Edson, alisoma sekondari akikaa Plano kwa Clara, na Jumamosi alikuwa Carrollton kwa shangazi yake akimenya ndizi. Kwa hiyo leo Deo hawezi kumsema vibaya Edson, na Queen ana mama watatu.

Mmoja kati ya mama hao watatu ndiye aliyekuwa tatizo, na ni yule aliyemzaa.

Nyaboke ni Mkisii, nesi wa wagonjwa mahututi, mwanamke mrefu anayetembea kama aliyeitwa. Alipoolewa na Edson, miaka mingi iliyopita, waliletwa Carrollton wapokelewe. Ma Prudensia alikuwa ameandaa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na maganda yake na majani ya harufu kisha ikaanikwa, ambayo Mhaya humpa mgeni kabla ya neno lolote. Alimwomba bibi harusi apige magoti, awapitishie wakubwa wa mumewe kile kikapu kidogo. Nyaboke akacheka. "Dada," alisema, "sisi kwetu tunapigia Mungu magoti. Na yeye hatuombi kahawa."

Watu wote walicheka. Kalisti ndiye aliyecheka zaidi. Ma Prudensia hakucheka, na hakusahau. Tangu siku hiyo, kila alipofika Missouri City alipewa chai ya maziwa, akainywa wima, kama balozi wa nchi ambayo haijatambuliwa. Walisalimiana vizuri na wakaulizana hali za kazi, lakini katika ile milki yake yote, nyumba ya Edson ilikuwa mpaka, na mpaka haulali usingizi.

"Sasa kuna jambo la Queen," aliniambia tulipokuwa tumesimama Madisonville kujaza mafuta. Alikuwa amenishika mkono, kwa nje kama heshima ya wazee, kwa ndani ili asigonge pampu. "Kuna kijana wa Kikalenjini anataka kuleta watu. Bila shangazi hakuna posa. Edson anajua, na mkewe anajua. Nitawapa neno langu leo, halafu nitaangalia ni nani wa kumwachia mzunguko huu. Clara anaogopa barabara. Edson anaogopa watu. Deo haogopi kitu, ndiyo ubaya wake."

"Waambie tu kuhusu macho."

"Wewe ulisoma habari za wafalme kule kwenu Prague. Kuna mfalme aliyewaambia?"

Nikamwambia yupo mmoja. Yohane, mfalme wa Bohemia, mtu wa ukoo wa Luxembourg. Bohemia aliipata kwa kuoa, na wenye nchi walimwita mgeni mpaka anakufa. Hakukaa mahali. Leo Prague, kesho Paris, keshokutwa Italia. Alitawala nchi zake kama mtu anayepuliza mioto mitano kwa pumzi moja. Akapofuka. Akaendelea kusafiri. Vita vya Crécy vilipokuja, akiwa hamwoni hata farasi wake, aliwaomba mashujaa wake wampeleke mbele apige japo pigo moja. Wakafunga hatamu za farasi wao pamoja na za farasi wake, wasipotezane, wakaingia.

"Halafu?"

"Kesho yake walikutwa wamekufa wote. Farasi wakiwa bado wamefungana."

Tuliipita Huntsville, Ma Prudensia akitazama kioo cha mbele. Kisha akasema, "Wajinga. Hapakuwa na mtu mmoja pale wa kumwambia, mzee, kaa chini?"

Mimi ni mtu wa mwisho duniani wa kumwambia mtu akae chini.

Houston ilitupokea kwa foleni na joto la mvuke. Tulifika Missouri City mchana, barabara tulivu yenye nyumba za matofali na miti iliyopandwa kwa kamba. Kulikuwa na gari la ziada uani. Ni la Absalom, kaka yake Nyaboke, aliyekuja kutoka upande wa Katy kula chakula cha Jumapili. Ma Prudensia alishuka, akanyoosha gauni, akaniachia mkono. Kutoka hapo hadi mlangoni alikwenda peke yake, wima, macho mbele. Nilimfuata na chupa ya senene aliyomwekea Edson.

Mlango ulikuwa wazi. Mbele kabisa, katikati ya sebule, alisimama Edson, amenyoosha mikono yote miwili. Na kando ya mlango, upande wa kushoto, chini, alikuwa Nyaboke.

Alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amevaa gauni refu na kufunga kitambaa kichwani, na mikononi mwake, ameinama vizuri kabisa, alishika kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna. Nyuma yake Queen alikuwa ameweka kiganja mdomoni kwa furaha, kama anayesubiri mtu akate keki.

Ma Prudensia alimwona Edson. Alikwenda moja kwa moja kwa Edson. Gauni lake liligusa kikapu, akapita.

Mimi nilikuwa kwenye kizingiti na chupa yangu. Kikapu kilibaki hewani. Nyaboke hakuinuka mara moja. Alibaki pale akikitazama, kama mtu aliyeuliza swali na bado ana adabu ya kusubiri jibu. Ma Prudensia alikuwa anamkumbatia mdogo wake na kumuuliza mbona amekonda.

Aliyesema kwanza ni Absalom, kutoka kwenye kochi.

"Ai! Hii nayo ni gani? Dada yangu hata kanisani hupiga magoti kama ameshikilia kiti. Leo ameshuka chini kama gari iliyopata pancha, na Mama Deo amepita tu, barabara ni ya babake!"

Ma Prudensia aligeuza kichwa. Akakigeuza polepole, kama mtu anayezungusha tochi gizani, na tochi ikamfikia Absalom, ikaenda kwa Queen ambaye kiganja kilikuwa bado mdomoni lakini furaha imetoka, ikashuka, ikamkuta Nyaboke anainuka na kupangusa magoti.

Nilimwona akielewa, na nilimwona akipima. Kusema ni kuivua mamlaka mbele ya kaka wa wifi yake. Kutosema ni kuipoteza Houston. Akafanya ambacho mabwana wote hufanya kwanza.

"Safari imenichosha," alisema. "Mniwie radhi. Nipeni kiti."

"Imekuchosha," alisema Edson.

"Ndiyo."

"Dada, mwandishi ndiye aliyeendesha."

Nyaboke alikwenda jikoni. Tulisikia maji yakifunguliwa, birika likiwekwa. Chai ya maziwa ilikuwa inarudi.

Queen alikuja akapiga magoti mbele ya shangazi yake, mahali alipoonekana. "Shangazi, Mom alifanya practice wiki nzima. Alimpigia Auntie Clara kumuuliza mkono gani unakuwa juu, na Auntie ndiye aliyetuambia unakuja leo. Ile kahawa imetoka Bukoba kabisa, tuli-order kwa yule mama wa Garland. Why would you do that?"

"Sikufanya kitu, mwanangu."

"Ndiyo hicho!" alisema Edson. Ni mtu mpole, Edson, na wapole wakipandisha sauti huwa hawajui namna ya kuishusha. "Hukufanya kitu! Miaka yote hii ninamwambia, Nyaboke, mpe muda dada yangu, siku ukimpa kahawa atafunguka. Leo amekupa. Sasa sikiliza. Kama mke wangu hapokelewi ndani ya nyumba yake mwenyewe, posa ya Queen tutaifanya wenyewe. Na huo mzunguko wako, dada, uishie Huntsville."

Absalom alianza kusema kitu, akaona uso wa shemeji yake, akachukua rimoti na kuiangalia kama hajawahi kuona rimoti.

Mimi nilikuwa nimeagizwa njiani kwamba Edson asijue. Nilitamani kuondoka, ni tabia yangu mambo yakishakuwa ya kweli. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na chupa ya senene mkononi, imejaa hadi kwenye kifuniko. Edson aliiona. Alielewa chupa iliyojaa maana yake nini, na niliona hasira yake ikipoteza njia kidogo.

Ma Prudensia aliinuka. Alikwenda jikoni akipapasa mgongo wa kochi, kisha ukuta, na nadhani ni pale Edson alipoanza kuona kwamba kuna kitu. Tulimfuata kwa macho. Jiko la nyumba zile halina mlango. Kila kitu kilikuwa mbele yetu.

"Nyaboke."

"Chai inachemka, wifi. Kaa."

"Sikukuona."

"Ulikuwa unaangalia mbele."

"Ndiko ninakoona. Kwingine sioni."

Nyaboke alizima jiko. Aligeuka, na sikumwona tena mke wa Edson bali yule mwanamke anayeitwa wakati mashine zinapiga kelele. Alimsogelea wifi yake, akamshika kidevu kwa mkono mmoja ili asigeuke. Mkono mwingine akaupeleka kando ya uso, karibu na sikio.

"Vidole vingapi?"

"Vidole gani?" alisema Ma Prudensia.

Queen alilia kwanza. Edson alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye mkono wa kochi, nusu juu ya Absalom.

Nyaboke alisogeza mkono polepole kuelekea mbele, sentimita kwa sentimita, na Ma Prudensia akasema "hapo" ukiwa tayari umefika kwenye pua. Wakajaribu upande wa pili. Akamuuliza matone gani, mara ngapi kwa siku, nani anamtilia. Anajitilia mwenyewe. Akamuuliza ameendesha mpaka lini. Akanyoosha gauni.

"Krismasi ulimwaga juisi ya mtoto wa jirani ukasema meza ni mbovu," alisema Nyaboke. "Nilijua. Nikasema, nesi, umezoea kuona wagonjwa kila mahali, nyamaza. Kumbe ningesema."

"Ungesema nisingefika."

"Na leo umefika ukanikanyagia kahawa."

"Sikukanyaga. Nimegusa kwa gauni."

"Wifi, usinibishie mbele ya kaka yangu."

Na Ma Prudensia akacheka. Sijui kama alikuwa amewahi kucheka ndani ya jiko lile. Nyaboke alichukua kile kikapu juu ya friji, akamwekea punje za kahawa kwenye kiganja, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Sipigi magoti mara mbili siku moja," alisema. "Hata Mungu anaelewa."

Ma Prudensia alitafuna akiwa amesimama. Halafu akasema, kwa sauti ya kukagua paa, "Umechemsha muda mrefu mno. Lakini ni yenyewe." Na bila kupumzika: "Hao watu wa kijana waje. Mwezi wa sita. Nitakuwa hapa."

"Utakuwa hapa vipi, dada?" alisema Edson. "Utafika na nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na lilitusumbua mchana wote, juu ya ugali na mboga na samaki. Edson alisema ahamie hapa Missouri City, chumba kipo. Ma Prudensia alisema mtu hahamii mpakani. Queen akasema kuna simu zenye picha. Alitazamwa na wote, akarudi kwenye samaki wake. Absalom alipendekeza wamkodie dereva, "kama huyu mzee hapa, na huyu ni wa bure." Edson akampigia Clara, na Clara akalia na kusema atazunguka yeye, na wote walijua kwamba Clara haendeshi gari barabara kuu tangu lori lilipompigia honi mwaka fulani. Ma Prudensia hakuketi. Alizunguka meza, akagusa viti, akarudi dirishani, akauliza kama gari limefungwa.

Nyaboke alikuwa anakula. Alimaliza, akanawa mikono, akaja kusimama mbele yangu na kunyoosha kiganja.

"Mwandishi, lete ufunguo."

Nikampa. Sikuwaza hata kidogo.

"Nina zamu tatu kwa wiki," aliwaambia. "Siku zinazobaki hulala na kumsikiliza Edson akikoroma. Kesho namrudisha mimi. Tutapitia Plano, nimwone Clara na mambo yake. Mwezi ujao nitamfuata, tuende Fort Worth kwa Deo. Yeye atasema, mimi nitaendesha."

"Nyaboke," Edson alisema taratibu, "mambo ya ukoo wetu hayo... kwetu mkwe huwa..."

"Kwenu mkwe huwa nini?"

Edson alimtazama dada yake amsaidie. Ma Prudensia alikuwa ameelekeza ule uoni wake mwembamba kwa Nyaboke, wote, kama mtu anayetafuta ufa kwenye paa na hauoni.

"Mwache," alisema. "Clara anaogopa barabara, wewe unaogopa watu. Huyu hata mimi hakuniogopa."

Haikuwa imekwisha. Nilimsikia Edson akimuuliza Absalom pembeni kama kwa Wakisii dada wa mtu huwa na maneno mengi hivi. Absalom alimwambia, "Shemeji, wewe ulioa. Mimi nilizaliwa naye."

Asubuhi walipakia gari. Queen aliweka ndizi nyuma. Ma Prudensia alikaa mbele, mkanda umefungwa, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba kile kikapu kidogo ambacho Nyaboke alisema atakihitaji Plano.

Nilikwenda kwenye dirisha lake. Nilitaka kusema neno la kuagana, kitu kuhusu Kalisti, au Prague.

"Wewe," alisema, "usije ukaandika kwamba tumefungana hatamu. Yule mfalme wako hakuwa na nesi." Kisha akamgeukia dereva. "Ukitoka hapa shika kushoto, kuna njia ya mkato."

"Kushoto hukuoni, wifi," alisema Nyaboke, akirudisha gari nyuma. "Nyamaza."

Hakunyamaza. Nilimsikia mpaka kona. Waliposhika kulia nikagundua kwamba begi langu lilikuwa Carrollton, mimi nilikuwa Missouri City, na sikuwa na gari wala ufunguo. Absalom alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Sasa mzee," aliniuliza, "wewe kwako ni wapi hasa, nikupeleke?"

Nilifikiri kidogo. Nikamwomba anipeleke kwenye stendi ya basi.